Uungwana wa Mpira wa Buluu

Zipo fadhila ambazo jamii huzipokea kila siku bila kutoa shukrani, na mojawapo imejificha chini ya boneti. Nazungumzia ule mpira wa silikoni unaounganisha injini na rejeta, au tabo na intakula, ulionunuliwa kwa rangi yake, ukapimwa kwa macho, ukafungwa kwa nguvu za mkono. Sina haja ya kuuliza nani anao. Fungua boneti yako ukiwa peke yako, utazame ile kona unayoipitishia macho haraka kila unapopima oili. Umo.

Wapo wanaodai kwamba mpira huchaguliwa kwa kipenyo chake cha ndani, na kwamba kwanza yapasa kupima shingo ya bomba la chuma kwa kalipa. Shingo ya milimita 38, wanasema, hupewa mpira wa 38. Huo ni ubahili wa fikra. Muuzaji wa spea aliyekomaa hakuulizi habari za milimita. Yule aliyenihudumia mimi aliuliza swali moja la msingi: "Bosi, unataka buluu au nyekundu?" Nikachagua buluu, maana gari ni jeupe. Nilipothubutu kusema kwamba mpira waonekana mpana kidogo, alinitazama kwa huruma ya mtu aliyeona mengi, akasema, "Huo ukibanwa unakaa."

Na ulikaa. Mpira wa 45 kwenye shingo ya 38, ukibanwa mpaka bisibisi igome, hufanya mkunjo mmoja upande wa chini, pasipofika jicho. Kupitia mkunjo huo maji hujipatia njia yao ya faragha, bila kumsumbua mtu yeyote aliye juu.

Nakiri kwamba silikoni yenyewe ina dosari ya kuzaliwa nayo. Ikiwa imetengenezwa ipasavyo, kwa tabaka tatu au nne za kitambaa cha nyuzi ndani yake, huvumilia joto la nyuzi 170 na hudumu miaka mingi bila kupasuka. Kitu kinachodumu hivyo hakimjengi mtu. Humfanya asahau jina la fundi wake, asijue watoto wa fundi wako darasa la ngapi. Kwa bahati njema, dosari hiyo husahihishwa kabisa wakati wa kufunga.

Mwishoni mwa shingo ya bomba pana ukingo uliotuna kidogo. Kiwanda kiliuweka ili klipu ikae nyuma yake, mpira usichomoke. Fundi wangu huiweka klipu juu ya ukingo wenyewe, au mbele yake kabisa, inapoonekana vizuri; kwani klipu isiyoonekana ina faida gani kwa mteja aliyekwisha kulipa? Kisha huikaza. Ukanda wa klipu ya kawaida una matundu ya kukamatia skrubu, na silikoni ni laini kuliko mpira mweusi tuliouzoea, kwa hiyo nyama yake ya buluu huanza kuchungulia tundu kwa tundu. Fundi anapoona hivyo hujua kazi imekolea, naye huongeza nusu mzunguko. Baada ya muda si mrefu mpira hukatika palepale, kwa mstari ulionyooka ambao fundi cherehani angeuonea wivu.

Wasiojiamini hununua klipu yenye ukanda laini kwa ndani, au ile ya springi, inayoufuata mpira unaponywea injini ikipoa. Matokeo yake hujinyima dimbwi la alfajiri. Sisi wengine tunalifahamu: kijani kibichi, ukubwa wa kisahani, chini ya gari lililolala baridi. Dimbwi hilo humwamsha mtu mapema, humwinamisha mpaka paji la uso likagusa mchanga, humnyoosha tena. Wapo wanaolipia mazoezi ya namna hiyo.

Kuhusu kuuingiza mpira, nimesikia kwamba maji ya sabuni yanatosha, kwa kuwa hukauka na kuuacha mpira umeng'ang'ania chuma. Sabuni ni ya vyombo. Gereji yenye hadhi hutumia grisi. Mpira huteleza mahali pake kwa utii, na kwa kuwa grisi haikauki, utii huo hubaki siku zote, hasa kwenye mpira wa tabo, ambako hewa husukumwa kwa presha ya baa moja na zaidi na kuutaka mpira uondoke.

Huondokea Kitonga. Ukitoka Dar es Salaam, ukapita Mikumi na Ruaha Mbuyuni, barabara huanza kupanda kwa kona baada ya kona, malori yakiwa yamebanana mbele na nyuma. Hapo dereva hukanyaga mafuta, tabo hujaza hewa, na ghafla husikika mlio mmoja mnene, "pu!" Nguvu zinaisha, moshi mweusi unafunika magari matatu ya nyuma, na abiria wanashuka. Waliokaa kimya tangu Dar es Salaam wanaanza kusalimiana. Mama aliyekuwa na ndizi anazigawa. Mzee mmoja anamweleza dereva kwamba yeye alisema tangu Morogoro.

Wenye mpira wa rejeta hawaachwi nyuma. Kifuniko cha rejeta hushikilia presha ya baa 0.9 hivi, na kwa presha hiyo maji hulazimishwa kusubiri mpaka karibu nyuzi 120 ndipo yachemke. Mpira wetu unayaondolea dhuluma hiyo. Presha ikishatokea mkunjoni, maji huchemka kwa hiari: nyuzi 100 pwani, na Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hata 95 zinatosha. Ikitokea hedi imepinda na gasketi imeungua, huo ni mwanzo wa uhusiano mpya na gereji, safari hii wa kina zaidi.

Yuko pia fundi mwenye kipaji kinachozidi hiki, anayeufunga mpira huohuo kwenye njia ya mafuta au oili. Silikoni ya kawaida haikatai oili. Huinywa, ikavimba na kulainika, mpaka siku moja ukiishika inabaki mkononi. Ipo iliyotiwa ndani utando maalumu wa kuzuia hilo, ila haina mvuto, na bei yake ni ya watu wasiopenda kuongea.

Na hata mpira uliolingana vizuri haukosi adabu. Silikoni hupitisha mvuke wa maji polepole katika ukuta wake, tena zaidi ya mpira mweusi, kwa hiyo maji hupungua bila tone kuonekana popote. Mwenye gari huinama, hutafuta, hakuti kitu, hujaza. Kuna watu wameyafanya haya kwa miaka na hawajamwambia hata mke.

Siku mpira wangu mwenyewe ulipotusimamisha Kitonga, alitupita dereva mmoja wa Fuso ambaye nilikuwa nimemwona dukani, akipima shingo kwa kalipa na kurudisha mipira miwili mfululizo kwa tofauti ya milimita tatu. Hakupunguza hata mwendo. Alifika Iringa saa tisa alasiri, akapakua, akala, akalala, na mpaka leo hamjui mtu hata mmoja wa njia ile.