Pua ya Mwanangu na Wataalamu wa Bukoto

Hapa Bukoto, Kampala, mtoto si wako mpaka steji ya boda ikubali. Asubuhi nampeleka mwanangu shule, na kabla sijaivuka barabara nasikia nyuma yangu: "Mzee, huyu pua kaitoa wapi?" Siku moja nilijibu kwamba niliinunua Ntinda. Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kunionea huruma.

Mambo yaliharibika 2023, mwaka ambao magazeti ya Kampala yalijaa habari za akina baba waliokimbilia maabara ya serikali pale Wandegeya kupima DNA. Zamani kila mtu alikuwa na shughuli zake. Siku hizi muuza roleksi anageuza chapati huku macho yake yanapima masikio ya mwanangu na yangu, kushoto, kulia, kushoto tena. Yai linaungua na bei haipungui.

Mama mkwe anasema tunahangaika bure. Zamani Buganda, siku ya kuwaingiza watoto kwenye ukoo, kipande cha kitovu kilichokauka kilitumbukizwa katika mchanganyiko wa pombe, maziwa na maji. Kikielea, mtoto ni wa ukoo. Kikizama, mama mtu ana maswali ya kujibu. Nikamuuliza, je, na sisi watu wa Tanga tusio na ukoo wa Kiganda? Akaniangalia kama mtu aliyekwisha kuzama.

Balaa lenyewe lakini lililetwa na karatasi. Shule ilitaka kundi la damu la mtoto. Mimi ni A, mke wangu ni B, mtoto akatoka O. Karatasi nikaisahau mezani. Akaja Salongo, jirani yangu, baba wa mapacha na kwa sababu hiyo msemaji wa uzazi wote wa ghorofa letu. Alikuja kuazima pasi. Akasoma.

"Ssebo," akaninong'oneza, "A na B wanaipata wapi O?"

Jioni hata mlinzi wa getini alinipa pole.

Salongo anadhani kurithi ni kama kupika chai: unamimina maziwa na maji, inatoka rangi ya katikati. Sivyo. Kila mzazi ana nakala mbili za jeni ya kundi la damu, na humpa mtoto moja tu, kwa bahati nasibu. Mimi nina A mbele na O nyuma. Mke wangu ana B mbele, naye O yake kaificha. O ni mpole: ikikaa na A au B inanyamaza, zikikutana mbili ndipo inasema. Kwa wazazi kama sisi, kila mtoto ana robo ya uwezekano wa kutoka O, robo A, robo B na robo AB. Mtawa Gregor Mendel wa Brno alichapisha hesabu za namna hii 1866, kwa njegere. Alipozalisha za mviringo na zilizokunjamana, umbo la kukunjamana lilipotea kizazi kizima, kisha likarudi: katika punje 7,324, mviringo 5,474, zilizokunjamana 1,850. Karibu robo. Na hakuna njegere iliyoulizwa mama yake alikuwa wapi usiku ule.

Pua nayo haina jeni moja. Imejengwa na nyingi, kutoka kwa babu ambao steji haijawahi kuwabeba.

Kinachonikera hasa ni kwamba robo hiyohiyo ina kazi nzito kuliko pua, na hakuna anayeiulizia. Utafiti uliopima damu za watoto wachanga Uganda nzima, ukachapishwa 2016, ulikuta zaidi ya 13 katika kila 100 wamebeba jeni ya ugonjwa wa sikoseli. Aliyebeba moja ni AS, anatembea mzima na huenda asijue maisha yake yote. AS akioana na AS, kila mimba ina robo ya uwezekano wa mtoto SS, mgonjwa. Kipimo ni cha damu kidogo tu, tena kabla ya harusi.

Binti wa Salongo ana kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao, mwezi ujao. Gomesi zimeshonwa, mbuzi wamehesabiwa mara mbili. Juzi Salongo aliporudisha pasi nikamuuliza kama wachumba wamepima sikoseli.

"Ya nini, ssebo?" akasema. "Kijana ana pua nzuri sana."