Sifa za Hakimu wa Kochini

Mabaharia wametungiwa tenzi, wakulima wamepigiwa ngoma. Shabiki wa mashindano ya kupamba nyumba kwenye televisheni hajapata hata kibwagizo. Dhuluma hiyo naikomesha leo.

Tuanze na elimu yake. Wahenga walishikilia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakuwa na rimoti. Shabiki huyu hajashika brashi maishani, lakini akikanyaga sebule ya mtu hutambua papo hapo kuwa taa imening'inia juu mno, kapeti limezidiwa na makochi, na chumba kizima hakina simulizi. Michelle Ogundehin, jaji mkuu wa Interior Design Masters ya BBC, alihariri jarida la Elle Decoration kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuketi kuhukumu. Mwenzetu amemfikia kwa msimu mmoja na bakuli la bisi.

Na haki anayoitoa! Katika shindano hilo, wabunifu waliovurunda hukalishwa kwenye kochi wajitetee. Mshtakiwa kochini, na sisi mahakimu kochini. Ni mahakama gani nyingine yenye usawa huo?

Ukarimu wake nao hauna mfano, hasa kwa mali ya wengine. Changing Rooms, kilichoanza Uingereza mwaka 1996, kiliwapa majirani siku mbili na pauni 500 wapambiane nyumba. Mwaka 2000, rafu iliyoning'inizwa ikaporomoka na mkusanyiko wa birika za kale za chai. Mwenye birika alipata hasara. Watazamaji walipata kisa kisichozeeka. Marekani, katika Trading Spaces, mbunifu aligandisha nyasi kavu ukutani kwa gundi. Shabiki wa kweli hakuuliza nani atazibandua. Alisema, "Angalau kathubutu." Kuthubutu ndani ya nyumba ya mwenzio ni ushujaa usio na majeruhi upande wetu.

Tena ni mtu wa msimamo. Katika The Block, kilichozaliwa Australia mwaka 2003, washiriki hukarabati wiki baada ya wiki, majaji wakitoa alama chumba kwa chumba, lakini neno la mwisho ni la mnada: hushinda ambaye nyumba yake imeruka juu zaidi ya bei ya chini iliyowekwa. Mara nyingine soko hulipuuza bafu lililosifiwa sana na majaji. Shabiki hayumbi. Kwake, aliyekosea ni mnunuzi, ambaye ana pesa ila hana jicho.

Wenye husuda watanena kuwa nyani haoni kundule: mbona kwake ukuta una ukungu, na mlango wa kabati unashikiliwa na bawaba moja? Hawajui kuwa hiyo ndiyo hekima yenyewe. Aliyeshuhudia birika zikiporomoka hatundiki rafu. Nyumba yake ndiyo salama kuliko zote, kwa kuwa ujuzi wake wote huishia mdomoni.

Wa kuhurumiwa ni jirani yake asiyetazama chochote. Jumamosi alinunua kopo la rangi ya bluu, akapaka sebule, akarudisha makochi, akala na wanawe, akalala fofofo. Hakuna aliyempa alama. Maskini, anaishi kwa furaha katika chumba kisicho na simulizi.