Heri Kosa la Makro

Karani aliyekabidhiwa majina elfu tatu ya wanafunzi ayaingize kwenye kanzidata huanza asubuhi akiwa mwalimu wa tahajia, akamaliza jioni akiwa mshairi. Mohamed wa saa tatu huwa Mohamedi ikifika saa tano, akishakula wali anakuwa Muhammed, na kufikia saa kumi ni Mhd tu, Mungu anamjua mja wake. Dar es Salaam nayo hugawanyika: Dar, DSM, D'Salaam, na mara mojamoja DSM yenye nafasi ya ziada mbele yake, ambayo jicho haliioni lakini kompyuta huiona na kuihesabu kuwa mji mwingine. Mkuu wa idara akiuliza ni wanafunzi wangapi wanatoka Dar es Salaam, mfumo unamjibu kwa uaminifu kabisa, na jibu ni la uongo. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya kurudiarudia ipewe makro, yaani msururu wa amri ambao kompyuta huurudia yenyewe, hata kama nayo itakosea. Na itakosea, tena sana. Siisifii mashine kwa usafi. Nasema tu kwamba kosa lake lina adabu kuliko la kwetu.

Fundi cherehani aliyekata sare za shule nzima kwa kipimo kibovu amejiaibisha, lakini mikono yote imepungua inchi mbili, na anajua cha kufanya. Aliyekata kila shati kwa kukisia ana kesi mia tatu, na kila kesi ina mzazi wake. Makro ni fundi yule wa kwanza. Chukua namba za simu. Excel ikiona 0712 na tarakimu zinazofuata huamua kuwa hiyo ni hesabu, na kwa kuwa hesabu haianzi na sifuri, huifuta sifuri bila kumuuliza mtu. Makro iliyopitisha orodha ya malipo kwa njia hiyo imewanyoa wote sawasawa: kila namba ina tarakimu tisa badala ya kumi. Ni kasoro inayoonekana hata ukisimama mlangoni, na fomula moja inairudisha sifuri kwa wote. Lakini 47 iliyogeuka 74 chini ya kidole cha mtu mwenye usingizi haionekani popote. Ile ni namba halali, ina mwenyewe, na mwenyewe keshapokea pesa na kuzima simu.

Vitufe vya mkato viko katikati, nusu mashine nusu mazoea, na vina vituko vyao. Katika programu ya kanzidata ya Access ukibonyeza Ctrl pamoja na alama ya ritifaa, kinanakiliwa kile kilichoandikwa kwenye rekodi iliyotangulia. Ukibonyeza Ctrl na nukta-mkato, inaingia tarehe ya leo. Ni neema kwa anayejaza kata na wilaya ileile siku nzima. Kidole kikishanogewa, darasa zima linazaliwa siku moja, au mwanafunzi wa darasa la saba anaonekana kazaliwa leo asubuhi. Sawa, lakini nani atashindwa kuliona hilo? Upuuzi wake ndio unaolifichua. Hatari zaidi ni yule mtaalamu wa ofisi anayeunda makro iitwayo AutoKeys na kukipa kitufe cha zamani kazi mpya, kwa maana Access itamtii yeye na kuisahau kazi ya awali. Mwenzake anayekuja kunakili jina kwa Ctrl+C anafunga hesabu za mwezi.

Wapo watakaosema: lakini makro haina toba. Ni kweli. Ukiendesha makro iliyobadilisha jedwali la Excel, orodha ya kutengua hufutika, na Ctrl+Z unaweza kuibonyeza hadi kitufe kitoboke. Ila tuulizane, makosa ya mkono hugunduliwa lini? Miezi mitatu baadaye, faili limeshahifadhiwa mara mia na kutumwa wizarani. Ctrl+Z ilikwishamuaga karani tangu siku ile. Mwenye makro walau anajua saa ya hatari ni ipi, hivyo ananakili faili kwanza.

Pingamizi zito ni la Uingereza, na silichezei. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 mwaka 2020, wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye takwimu za kila siku. Data za maabara zilikuwa zikipakiwa zenyewe kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambao hauchukui zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje kimyakimya. Watu waliokaa karibu na wagonjwa hao walichelewa kuambiwa, na hilo halina utani. Hata hivyo tazama jinsi lilivyorekebishwa: ukomo ulipojulikana, ilijulikana pia ni nini kimeachwa, na wagonjwa wote wakaongezwa kwenye takwimu mwishoni mwa juma hilohilo. Makarani mia waliochoka wangesahau watu wachache wachache kila mahali, na hao wasingepatikana kamwe. Kilichokosekana kule ni mtu wa kulinganisha mistari iliyoingia na iliyotoka, kazi ambayo makro yenyewe ingeifanya kama ingeagizwa.

Hapo ndipo ninapogombana na wapenda makro wenzangu. Access huonya kabla ya kufuta rekodi, na onyo hilo huwakera wenye haraka, basi wanalizima kwa amri ya SetWarnings ndani ya msimbo wa VBA na kusahau kuliwasha. Kuanzia hapo programu inanyamaza mpaka ifungwe, na rekodi mia nne zinaondoka bila hata kwaheri. Mtu wa namna hiyo arudishwe kwenye kuandika kwa mkono, aanze na akina Mohamed.