Madoa Hauziki

Aliyeharibu biashara ya Madoa ni mimi, na Mama Rehema halali bila kunikumbusha.

Madoa ni dume letu la ng'ombe, chotara, hajafikisha miaka miwili, mweusi mwenye mabaka meupe. Kijana wetu wa mwisho alimdekeza: kila jioni anamtembeza kwa kamba kando ya barabara ya Msata, anamfundisha kusimama wima, eti mwakani waende wote paredi ya mifugo ya Nane Nane, Morogoro. Bodaboda walikuwa wakipunguza mwendo wamtazame. Lakini ada ya chuo ya Rehema haitazami mabaka. Tukaamua auzwe.

Mnunuzi akaja na kirikuu kutoka Dar. Madoa kutolewa zizini tu, akapita chini ya kamba ya kuanikia, akaibuka na kanga mpya ya mke wangu pembeni. Yowe likapigwa. Mgeni akacheka hadi akakaa chini, akapandisha bei mwenyewe: milioni moja na laki mbili. Mwenye akili angenyamaza, akahesabu.

Mimi nimefundisha historia miaka thelathini na moja, na chai ilikuwa bado ya moto.

Nikamsimulia mgeni kisa cha mvumbuzi Stanley, alivyotoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash. Huyo akafia Kingaru, akazikwa. Jumbe wa pale akaja kudai doti mbili za merikani, kwa nini mzoga umezikwa kwenye ardhi yake! Stanley akaamuru farasi afukuliwe arudishwe alipofia. Jumbe akageuka kubembeleza. Haukupita muda, farasi wa pili naye chali. Nikacheka. Peke yangu.

"Walikufa na nini, mwalimu?"

"Wa kwanza alipasuliwa, tumbo limejaa minyoo. Ila pwani hii na mbung'o nao! Hapo Saadani wanauma hadi watalii."

"Na huyu, aliwahi kuumwa?"

"Mara moja tu. Akachomwa sindano."

Mgeni akaweka kikombe chini, akamtazama Madoa kama anatazama kaburi. Kirikuu kikaondoka kitupu.

"Darasa lilishafungwa, Baba Rehema," mke wangu akasema, akikunja kanga iliyotoboka.

Madoa bado yupo, mzima, anakula. Anayemtaka aje Fukayosi, amuulizie Mama Rehema. Mimi siku hiyo nitakuwa shambani.