Jinsi ya Kukiri kwa Madaha

Umeandika, na akili mnemba imekushika mkono mahali. Sifa unazitaka bado. Hilo sikulaumu, mwandishi asiyetaka sifa sijamwona. Sogea basi, nikuoneshe njia ya mkato.

Kwanza, wahi kusema. Mwaka 2023 Boris Eldagsen, msanii wa Ujerumani, alishinda katika mashindano ya picha ya Sony, akaikataa tuzo mwenyewe: picha ile ilitengenezwa na akili mnemba. Angengoja aumbuliwe, leo angeitwa tapeli.

Pili, taja kiasi. "Nilisaidiwa kidogo" ni maneno ya mtu anayeficha kingi. Rie Kudan wa Japani alipopewa Tuzo ya Akutagawa, Januari 2024, alisema kama asilimia 5 ya riwaya yake ni maneno ya ChatGPT yalivyotoka. Watu walibishana sana, tuzo ikabaki kwake. Nawe andika: "Aya mbili za sura ya tatu ni za mashine." Mkono ukisita kuandika sentensi hiyo, umeshajua sura ipi uiandike upya.

Jasho la mashine usilidai. Jason Allen alishinda kwa picha ya programu ya Midjourney kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado, 2022. Alisema aliipa programu maagizo yasiyopungua 624, na mimi naamini alihangaika kweli. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ikamtaka aondoe kwenye dai lake sehemu zilizozalishwa na programu. Akakataa, na usajili akaukosa. Wewe toa cha mashine, chako kisimame peke yake. Kikiwa kidogo, ni chako hata hivyo, na ukisifiwa hutatazama chini.

Washairi, nanyi nawaonea uchungu zaidi. Mtu amehesabu mizani kwa vidole tangu utotoni, leo anaona haya kusema kwamba kina cha kati kilimshinda usiku wa manane akakiomba kwenye simu! Dawa tunayo nyumbani. Washairi wetu wengi wamejitaja majina katika ubeti wa mwisho. Ukifika kaditama, jitaje, na hapohapo utaje na mashine pamoja na ilichokupa. Mshororo mzima hauhitajiki. Kipande kimoja, mizani 8, kinatosha.