Tausi na Kasiki la Mafuta

Paliondokea mfalme Tausi katika nchi ya mbali, nchi ndogo hata mtu angeweza kuikamata kiganjani, walakini humo yalikuwamo masoko, picha za mababu, ngoma za usiku na barua za waliosafiri. Uhai wote wa nchi hiyo ulitegemea kasiki moja la mafuta lililozikwa chini ya baraza na kujazwa kila usiku, na mlinzi wake alikuwa Kobe, mzee asiye na maneno mengi.

Tausi alipenda kuonekana. Aliamuru taa za mbele ya kasri ziwake kwa utambi mrefu kupita wote, hata jua lilipokuwa la utosini, na hizo peke yake zilikunywa mafuta kuliko watumishi wengi wakijumlishwa. Kasuku alipewa ruhusa ya kugonga mlango kila apatapo neno, na kila agongapo taa ziliwashwa upya, hata kama neno lenyewe lilikuwa kwamba mtu asiyejulikana kacheka sokoni. Kipanga alizunguka angani saa zote akitazama mfalme yu wapi, na mfalme yu pale pale kitini. Naye Jogoo, mpiga mbiu wa mnarani, alipokosa jibu la mnara wa ng'ambo hakunyamaza bali alizidi kupaza sauti, na sauti ile ililipiwa kwa mafuta.

Adhuhuri Kobe akatangaza kwamba imebaki robo. Mfalme akagutuka, akawafukuza watumishi wote nje ya lango, akadhani amepata dawa. Punde akawahitaji, wakarudi mmoja mmoja, kila mmoja akakoka moto wake tangu mwanzo, na moto unaokokwa upya hula kuni kuliko ule uliofunikwa majivu. Hilo alilirudia kutwa. Ndipo akaja Sungura na kilemba cha tabibu, akidai ana elimu ya kuhifadhi mafuta. Akapewa chumba ubavuni mwa kasiki, akakesha na taa yake akihesabu matone ya wenzake.

"Bwana wangu," akasema Kobe, "wanaotumaliza ni hawa wanaokesha bila kazi. Fupisha utambi wa mbele. Kasuku alete habari za wenye haja nawe tu, Kipanga apande ukiwa safarini, na Jogoo akikosa jibu apumzishwe. Kasiki nalo lina maumbile yake: huumia likijazwa pomoni na kuachwa juani, huumia likikaushwa mpaka chini, na hustarehe likikaa baina ya 20 na 80 katika kila 100. Hata likitunzwa litachakaa. Baada ya kujazwa yapata mara 500, litabeba 80 pale lilipobeba 100."

Mfalme alilishika neno la utambi, la kasiki akalipuuza. Miaka ikapita, kasiki likachoka, ikawa watumishi wakifanya kazi kwa pamoja mafuta hayafiki na kasri huzimika ghafla. Mafundi waliolijenga kasri waliujua ugonjwa huo. Wakawaamuru watumishi kwa siri waende polepole, wasimwambie mwenye nyumba. Hiyo ilikuwa dhuluma, kwa kuwa mtu asiyeambiwa kuwa kasiki limechoka atalaumu nyumba nzima. Ndivyo alivyofanya Tausi: aliwaona watumishi kuwa wazembe, akaiona nyumba kuwa imezeeka, akawaendea mafundi wale wale, nao wakamwuzia kasri jipya.

Siri ikafichuka kuelekea mwisho wa mwaka. Raia wakapiga kelele nchi nzima, mafundi wakaomba radhi hadharani, wakashusha bei ya kubadilishiwa kasiki kutoka dinari 79 hadi dinari 29. Kobe, aliyeachiwa kasri kuukuu, alilipa dinari zake 29, kasiki jipya likazikwa chini ya baraza ile ile, na watumishi waliodhaniwa wazembe wakakimbia kama siku ya kwanza.

Kasri jipya lilimgharimu Tausi dinari 999, na kasiki lililozikwa chini yake lilifinyangwa kwa udongo ule ule.