Usukani wa Ami

Waamu, mwana wenu yuko salama huko Birmingham, ila mikono yake haijatoka grisi tangu Ijumaa.

Kijana huyu wa Matondoni alikulia Lamu, kisiwa cha punda. Gari alilizoea akishavuka hadi bara, Mokowe. Lakini jirani yake, mzee mstaafu wa jeshi, aliposikia kwamba ukoo wao huunda majahazi, aliona fundi ni fundi tu. Akamfungulia banda. Ndani mlikuwa na Land Rover Lightweight ya jeshi, ya mwaka 1975, iliyoundwa hapo jirani Solihull.

Lightweight, yaani jepesi. Lilibuniwa lining'inizwe chini ya helikopta, mradi livuliwe kwanza milango, turubai na kioo cha mbele. Likivaa nguo zake zote huwa zito kuliko ndugu zake wa kiraia, na Waingereza hawaoni ajabu.

Barabarani, usukani ulizungushwa weee kabla magurudumu hayajapata habari. Likifika maili 40 kwa saa, mbele kote kulitetemeka kama mwenye homa. Mzee akataka kukaza steringi boksi. Kijana akapiga simu Matondoni.

“Usukani wa chombo ukicheza,” ami yake akauliza, “wakaza kana au watazama ulipoangikwa?”

“Natazama ulipoangikwa, ami.”

“Sasa wanipigia ya nini?”

Usukani wa Land Rover hii umeangikwa pengi: fito tatu, boljointi sita. Mbili zilikuwa zimekwisha kabisa. Kati ya fito hizo pana rilei, chuma kilichochomekwa ndani ya fremu ya mbele, nacho kilishikwa na kutu kwa sababu Waingereza humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. (Chumvi! Sisi twaikimbia, wao wainunua.) Jioni tatu za mafuta na nyundo. Ndani ya rilei mna springi iliyobanwa vibaya mno. Mzee aliifungua bila kuifunga klipu, ikaruka, ikatoboa paa la banda. Mke wake hajaambiwa.

Zikabaki pini za ekseli, yanapogeukia magurudumu. Hukazwa kwa kuongeza au kupunguza vipande vyembamba vya bati, kisha mkono wa kugeuzia gurudumu huvutwa kwa mizani ya ndoano kupima ugumu wake. Mizani ile ile ya kupimia samaki! Hapo kijana akajiona yuko nyumbani.

Hatimaye gari likaenda sawasawa. Video ikatumwa kwa ami.

“Lanyooka, mashaallah,” akajibu. “Lakini mbona lavuja mafuta njia nzima? Hamkulikalafati?”